Ulinzi Unavuja Mbele ya Spredi: Mtafute Mwenye Kazi Mbili

Anayekesha Jumamosi kuangalia futiboli ya vyuo vya Marekani (mechi ya jioni ya kule ikianza, Dar na Nairobi ni saa nane na nusu usiku) ameshaliona hili. Ulinzi wa timu yake una watu wenye miili na mbio, na umewabana wapinzani wiki tatu mfululizo. Halafu inakuja timu inayocheza spredi: wapokeaji wanne wametawanywa hadi karibu na mistari ya pembeni, kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua aurushe, aukabidhi au akimbie nao, kasimama yadi 5 nyuma, mkimbiaji mmoja yuko ubavuni mwake. Ulinzi ule ule unaanza kuvuja kama bati lililotoboka. Mtangazaji anasema vijana hawana ari leo. Ari wanayo. Kinachowaponza ni hesabu.

Uwe kocha wa hai skuli kule Ohio au Texas, mzazi wa kijana anayecheza, au shabiki unayetaka tu kujua lawama umtupie nani, namna ya kutafuta kosa ni ile ile. Rudisha picha nyuma. Usiufuate mpira. Mtafute mlinzi aliyepiga hatua moja mbele kisha hatua moja nyuma ndani ya mchezo huo huo, yaani tangu mpira unapoanzishwa mpaka unaposimama, si mechi nzima. Huyo kapewa kazi mbili. Mshika mbili moja humponyoka, na spredi nzima imejengwa ili kumpata mshika mbili huyo na kumtesa.

Kabla ya kufungua chochote: hesabu

Kila upande una watu 11. Katika futiboli ya zamani kwotabeki alimkabidhi mkimbiaji mpira kisha akabaki mtazamaji, kwa hiyo washambuliaji walicheza 10 dhidi ya 11. Siku zote ulinzi ulikuwa na mtu mmoja wa ziada.

Spredi ilimfuta huyo wa ziada. Wapokeaji wanne walio mbali wanakulazimisha kupeleka walinzi wanne, na lazima uache walau sefti mmoja, beki wa mwisho kabisa, nyuma. Wanabaki sita ndani ya boksi, yaani pale katikati mbele ya laini, mstari ambao mpira huanzishwa. Wazuiaji watano wa upande wenye mpira wanawazuia watano. Wa sita hazuiwi kabisa. Kwotabeki anamtazama tu, kisha anafanya kinyume cha alichofanya yeye. Kocha Rich Rodriguez aliijenga mbinu hii mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiwa Glenville State, chuo kidogo cha West Virginia. Tarehe 4 Novemba 2000 Northwestern, timu ambayo hakuna aliyeiogopa, iliitumia kuifunga Michigan 54-51. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema ni mchezo wa watoto.

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu yeyote, simamisha picha sekunde moja kabla ya mpira kuanzishwa, uhesabu boksi. Kama mpo watano na wao wanao watano, pamoja na kwotabeki mwenye miguu, mmeshindwa kabla ya kuanza, na yaliyoandikwa hapa chini hayatakusaidia mpaka urekebishe hilo.

Dalili ya 1: Kwotabeki anatokea ukingoni na mpira, hakuna mtu

Tazama mikono yake. Anauweka mpira tumboni mwa mkimbiaji na kuushikilia hapo kwa kitambo kidogo, macho yakiwa kwa mlinzi wa ukingo ambaye hakuzuiwa. Mlinzi akigeuza mabega kumfuata mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kupita pale pale alipotoka mlinzi. Akitulia, mkimbiaji anabaki nao na kupita katikati. Hii ndiyo zoni ridi.

Chanzo: mlinzi wa ukingo ameambiwa amwangalie mkimbiaji na kwotabeki kwa pamoja.

Tiba ya kwanza ni kubadilishana. Mlinzi wa ukingo anamvamia mkimbiaji kwa makusudi, bila kusita, na lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya watu wa laini, anazunguka kwa nje. Kwotabeki anasoma mabega yaliyogeuka, anafurahi, anauchomoa mpira, anakutana na lainibeka uso kwa uso. Kila mlinzi hapo ana kazi moja tu. Tiba ya pili ni mlinzi wa ukingo kukaa njia panda: mabega sambamba na laini, anasogea kiubavu, hamfuati huyu wala yule, mradi kwotabeki achelewe kuamua na wenzake wa ndani wafike.

Makocha wengi wanaipenda ya pili kwa sababu inaonekana ya kistaarabu. Kwa timu changa mimi ningeanza na kubadilishana. Kumwambia kijana wa miaka 18 asimame asiamue ni kumrudishia kazi mbili kwa jina jingine. Ila usibadilishane kila mara. Lainibeka akizoea kuzunguka nje, watamtuma mtu amzuie huko huko, na mwanya aliouacha ndani utakuwa barabara.

Dalili ya 2: Lainibeka kachelewa, pasi imepita mgongoni mwake

Hapa ndipo lawama nyingi zinapotupwa pasipostahili. Utawasikia wakisema lainibeka yule hajui kusoma mchezo. Aghalabu amesoma vizuri sana.

Tangu utotoni alifundishwa kuwatazama wazuiaji: wakija mbele ni mbio, yaani mpira utakimbizwa; wakirudi nyuma ni pasi. Sasa kuna mchezo wa chaguo, ambamo wazuiaji wote watano wanazuia kwa ajili ya mbio, kweli kabisa, huku kwotabeki akibaki na ruhusa ya kurusha. Sheria ya vyuo inamruhusu mzuiaji kuwa hadi yadi 3 mbele ya laini kabla pasi haijarushwa. Kwenye ligi ya kulipwa ni yadi 1 tu. Yadi hizo mbili za tofauti ndizo zinazomuumiza lainibeka wa chuo.

Mtazame kwa karibu. Amesimama yadi 4 au 5 kutoka laini, kushoto kwake kuna mpokeaji wa ndani. Mpira unaanzishwa. Mzuiaji mbele yake anatoka kwa nguvu, helmeti chini. Lainibeka anapiga hatua ya kwanza mbele kuziba mwanya wake, kama alivyofundishwa. Kwotabeki ambaye bado ameuweka mpira tumboni mwa mkimbiaji anaiona hatua hiyo moja. Anauchomoa. Mpokeaji wa ndani amekata kuelekea katikati, palepale ambapo mguu wa lainibeka ulikuwa nusu sekunde iliyopita. Lainibeka anageuka, anauona mpira ukipita juu ya bega lake. Yadi 15. Na angebaki nyuma, mkimbiaji angepewa mpira na kupita kwenye mwanya wake kwa yadi 7. Jibu sahihi halikuwepo.

Kwa hiyo usimtibu lainibeka. Mwondolee kazi moja. Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni ulinzi wa mtu kwa mtu. Mpokeaji wa ndani anapewa beki wake, lainibeka anabaki na mbio peke yake. Ni rahisi kuieleza na vijana wanaielewa siku hiyo hiyo. Gharama yake: mabeki wanaofukuza wapokeaji wamempa kwotabeki migongo, na akiamua kukimbia hakuna anayemwona. Mbele ya kwotabeki wa aina ya Johnny Manziel, aliyeongoza Texas A&M kuifunga Alabama 29-24 nyumbani kwao Tuscaloosa mwezi Novemba 2012, tiba hii inaweza kuwa mbaya kuliko ugonjwa.

Ya pili ni robo. Eneo la nyuma linagawanywa vipande vinne, makona wawili (mabeki wa pembeni) na masefti wawili, ila sefti hakai tu kulinda kipande chake. Anasimama yadi 8 hadi 10, anamsoma mpokeaji wa ndani. Mpokeaji akizuia, sefti anashuka kwenye mbio. Akikimbia wima, sefti anamchukua. Michigan State ya Mark Dantonio, na Pat Narduzzi akiusimamia ulinzi, iliishi kwa mfumo huu. Mwaka 2013 iliifunga 34-24 kwenye fainali ya ligi yao, Big Ten, timu ya Ohio State ya Urban Meyer iliyokuwa imeshinda mechi 24 mfululizo. Lakini tuseme ukweli: umeihamisha kazi ya pili, hukuifuta. Sasa aliyeshika mbili ni sefti, na akikosea yeye mnafungwa tachidauni, lile bao la pointi 6. Utafanikiwa tu kama sefti yule ana utulivu kuliko lainibeka, na mara nyingi anao, kwa sababu yuko mbali na ana muda wa kuona.

Ya tatu ni kuibadilisha laini ya mbele, na ndiyo iliyoenea zaidi miaka ya karibuni. Weka watu watatu: mmoja uso kwa uso na mzuiaji wa kati, wawili wengine begani kwa ndani mwa wazuiaji wa nje. Mianya ya katikati inafungwa na miili yenyewe. Mkimbiaji anakuta ukuta, analazimika kwenda nje, na njia ya nje ni ndefu. Lainibeka sasa anaweza kungoja ile nusu sekunde bila kuadhibiwa. Georgia ya 2021 ndiyo picha yake nzuri: katikati Jordan Davis, zaidi ya kilo 150, akiwashughulisha wazuiaji wawili kwa mpigo. Msimu ule waliruhusu wastani wa pointi 10.2 kwa mechi, wakaifunga Alabama 33-18 kwenye fainali, na walinzi watano wakachukuliwa raundi ya kwanza ya kuajiriwa na ligi ya kulipwa mwaka 2022. Ukiwa huna Davis, mchoro huo huo utakupa watu watatu wanaosukumwa kinyumenyume. Nimeona timu zilizonakili mchoro zikasahau kwamba mchoro haukabi mtu.

Dalili ya 3: Wapokeaji watatu upande mmoja, wa ndani kabisa yuko huru

Kona na sefti wa upande ule wameshikwa na wapokeaji wawili wa nje. Wa tatu anakimbia wima, anayemfuata ni lainibeka, na hamuwezi kwa mbio.

Tiba: sefti wa upande wa pili, ambaye ana mpokeaji mmoja tu wa kuhangaika naye, anamwachia kona wake na kumvizia yule wa tatu anapovuka katikati. Gharama: kona yule kabaki peke yake, wala hakuna wa kumsaidia. Wapinzani wanalijua hilo na humweka mpokeaji wao bora kabisa huko huko kwenye upweke. Kama kona wako wa upande huo ni wa pili kwa ubora, badilisha kona kwanza, mbinu baadaye.

Dalili ya 4: Pasi fupi za pembeni, yadi 6, yadi 7, yadi 6 tena

Hizi haziumi moja moja. Zinaua polepole, na kocha asiyeangalia atajisifu kwamba hajafungwa pasi ndefu.

Angalia mpira umewekwa wapi. Kwenye uwanja wa vyuo, zile alama mbili za ndani ambazo mchezo huanzia zimeachana futi 40. Kwenye ligi ya kulipwa zimeachana futi 18 na inchi 6. Uwanja una upana wa futi 160. Mpira ukiwa kwenye alama moja, upande mmoja una futi 60 na mwingine una futi 100. Hizo futi 100 ni shamba zima, na spredi hulima huko.

Chanzo cha kawaida ni kwamba kati ya boksi na mpokeaji wa ndani umemweka lainibeka mzito wa zamani. Akisogea nje kuifuata pasi, anafungua mbio. Akibaki ndani, anachelewa pembeni. Hapo ndipo beki wa tano alipozaliwa, mtu wa katikati ya lainibeka na sefti. Gary Patterson, kocha wa chuo cha TCU, aliujenga mfumo wake wa 4-2-5 (wanne kwenye laini, lainibeka wawili, mabeki watano) kwa mtu wa aina hiyo muda mrefu kabla haujawa fasheni, na msimu wa 2010 alimaliza 13-0 kwa kuifunga Wisconsin 21-19 kwenye Rose Bowl. Clemson walikuwa na Isaiah Simmons, ambaye ungemkuta kwenye laini mchezo huu na yadi 15 nyuma mchezo ujao, na mwaka 2019 akapewa tuzo ya Butkus ya lainibeka bora.

Kumpata mtu huyo ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumfundisha kukaba kwenye uwazi. Mpe njia ya kumjia mpokeaji kwa bega la nje, ili akimkosa, mpokeaji arudi ndani kwenye wenzake. Akimjia kwa ndani na kumkosa, mstari wa pembeni hautamsaidia na pasi ya yadi 6 itakuwa ya 60.

Dalili ya 5: Mpira unaanzishwa, walinzi bado wanaangalia benchi

Hii haihitaji darubini. Utaona watu wawili wamenyoosha vidole, mmoja mgongo kaupa mpira.

Timu kama Oregon ya Chip Kelly zilicheza kwa haraka kiasi kwamba mlinzi alikuwa bado anainuka chini wakati mchezo unaofuata unaanza. Benchi lao lilinyanyua mabango yenye picha, picha moja ikibeba maagizo ya timu nzima. Na sheria inawasaidia: walinzi wanahakikishiwa nafasi ya kubadilisha watu pale tu washambuliaji wanapobadilisha wao. Wasipobadilisha, lainibeka aliyechoka atakaa pale pale mpaka aanguke. Februari 2014 lilitolewa pendekezo la kuwanyima washambuliaji ruhusa ya kuanza mchezo ndani ya sekunde 10 za kwanza. Lilizua kelele na mwezi uliofuata likawekwa kando.

Wengine walijitibu kwa kujiangusha na kushika goti. Tangu msimu wa 2025 mchezaji akitibiwa uwanjani baada ya mpira kuwekwa tayari, timu yake inapoteza mojawapo ya nafasi zake za kusimamisha mchezo (taimauti), na ikiwa hainayo inarudishwa yadi 5. Hiyo haikuwa tiba hata ilipokuwa bure.

Tiba yenyewe haipendezi makocha, kwa sababu inawataka wapunguze ujanja wao. Kata orodha ya maagizo hadi ienee kwenye kiganja. Kila agizo liwe neno moja, na neno hilo lieleze laini na mabeki kwa pamoja. Kuwe na agizo moja la nyumbani ambalo kila mtu analirudia bila kuambiwa pale anapochanganyikiwa. Redio ndani ya helmeti, iliyoruhusiwa kwa timu za daraja la juu mwaka 2024, imesaidia kiasi: mlinzi mmoja uwanjani anamsikia kocha mpaka saa inayohesabu muda wa kuanzisha mchezo ibakize sekunde 15 au mpira uanzishwe. Ni mmoja kati ya 11. Wengine kumi bado wanategemea sauti yake.

Dalili ya 6: Unapeleka sita kumvamia kwotabeki, mpira umeshaondoka

Hesabu sekunde kwa mdomo. Kama mpira unaondoka kabla hujamaliza kusema mbili, uvamizi wako haufiki hata ukipeleka wanane, na kila unayempeleka anaacha shimo nyuma yake. Acha kuongeza watu. Fanya kinyume.

Iowa State ndio waliofundisha somo hili kwa wote. Mwaka 2017 Jon Heacock, msimamizi wa ulinzi chini ya Matt Campbell, alihamia kwenye mfumo wa walinzi watatu tu kwenye laini na masefti watatu nyuma. Wawili wa pembeni wanakaa kama kawaida. Yule wa katikati amesimama mbali kiasi kwamba kwotabeki akihesabu boksi hamhesabu, na wazuiaji hawana wa kumpelekea. Ikiwa mbio, anashuka kama mgeni asiyealikwa na kumkuta mkimbiaji hajaguswa na mtu. Ikiwa pasi, tayari yuko katikati ya njia ambazo kwotabeki anazipenda. Rudi kwenye ile hesabu ya mwanzo: spredi ilimfuta mtu wa ziada, Heacock akamrudisha kwa kumficha.

Tarehe 7 Oktoba mwaka huo walikwenda Norman, kwa Oklahoma iliyokuwa ya tatu nchini, na Baker Mayfield aliyekuja kuchukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, msimu huo huo, wakashinda 38-31. Siku hiyo Joel Lanning, aliyewahi kuwa kwotabeki wao, alicheza lainibeka na bado akaingia kucheza kwotabeki pia. Katika siku ya kuwapunguzia watu kazi, mmoja alibebeshwa zote. Haya mambo hayana adabu.

Anayetaka kuvamia bila kujifungua apeleke wanne, lakini si wale wanne wanaotarajiwa: mlinzi wa ukingo arudi nyuma kwenye pasi, lainibeka aingie badala yake. Wazuiaji wanajipanga kwa mtu ambaye haji.

Dalili ya 7: Umejaza mabeki wepesi, sasa wanakukanyaga

Ilitarajiwa. Ulinzi wa watu wepesi ukikomaa, wapinzani wanarudisha wazuiaji wakubwa na kukimbia katikati. Mwezi Novemba 2021 Michigan ilikimbia yadi 297 dhidi ya Ohio State, Hassan Haskins akafunga tachidauni 5, mechi ikaisha 42-27. Tunza kikosi kimoja kizito mazoezini kila wiki hata kama ratiba imejaa timu za spredi.

Dalili ya 8: Hakuna aliyekosea, na bado wamefunga

Rudisha picha mara tatu. Kama kweli kila mtu yuko mahali pake, acha kubadilisha mbinu. Timu ya chuo cha LSU ya 2019 ilimaliza 15-0, Joe Burrow akarusha pasi 60 za tachidauni, na walipokutana na Alabama, Alabama ilifunga 41 na bado ikapoteza kwa sababu LSU ilifunga 46. Mashine nyingine hazina kasoro ya kutafuta.

Kilichobaki ni kuwanyima mpira. Mwezi Novemba 2013 Stanford iliikaribisha Oregon na kushika mpira zaidi ya dakika 42 kati ya 60. Tyler Gaffney alipewa mpira mara 45 kwa yadi 157, yaani mchezo mdogo mdogo, tena na tena, huku wale wenye mbio wa Oregon wamekaa kwenye benchi wakitazama. Stanford ilifika mbele 26-0. Halafu katika robo ya nne Oregon ikaupata mpira kwa muda mfupi tu, na kabla filimbi haijalia ilikuwa 26-20.